Kongosho la Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani pale Igowole, na kwa muda mrefu watu walimsifu bidii kwa sababu ya ugonjwa. Aliinamia cherehani yake tangu asubuhi mpaka jua kuzama, kifua karibu kiguse meza, na wapita njia walikuwa wakisema, "Fundi huyu hainui kichwa!" Hakuinua kichwa kwa sababu akinyooka tumbo lilimchoma kuanzia chembe cha moyo hadi mgongoni. Akiinama, maumivu yalipungua kidogo. Mimi niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja nilichukua karibu mwaka mzima kulitambua hilo, na hadi leo nikilikumbuka natamani kujizaba kofi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwenye chaki mfukoni na majibu ya kila kitu. Yeye alinizidi miaka sita. Baba alikuwa ameshafariki, mama tunaye, na sisi sote watatu tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya kama wenzetu wote wa miaka ile ya sabini, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Kule tulikotoka, ng'ambo ya bonde, kulibaki mahame: msingi wa nyumba, makaburi mawili, na vichaka vya mianzi ya marehemu baba ambayo bado tuliihesabu kuwa yetu.

Ugonjwa ulikuja kwa vipindi. Wiki mbili mzima, siku nne taabani. Akila kitu chenye mafuta, alitapika. Alikonda. Mtu mwingine akikonda huambiwa na watu. Kaka alijipima mwenyewe kwa futi yake ya kushonea, kisha akaingia kibandani na kupunguza suruali kiunoni. Suruali moja ya kaki aliipunguza mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Mwalimu, hii ikipungua tena mifuko ya nyuma itakutana."

Nilicheka. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya, tunacheka, halafu mimi naenda kugombana na watu wa zahanati.

Zahanati walisema minyoo. Akapewa dawa ya minyoo mara tatu, mpaka nikauliza kama wanadhani amefuga. Baadaye wakasema vidonda vya tumbo, akanyweshwa dawa nyeupe nzito kama chokaa ya kupaka ukutani. Haikusaidia. Nikampeleka Iringa mjini. Tulifikia kwa shangazi yetu pale Ipogolo, chini kabisa barabarani, na kila asubuhi tulipanda mlima kwa miguu kwenda hospitali. Njiani kaka alisimama na kuinama, mikono magotini, na watu wakasimama kumsaidia kutafuta alichoangusha. Siku ya kwanza daktari hayupo. Siku ya pili daktari yupo, faili halipo. Siku ya tatu faili limeonekana ila ni la mwanamke mjamzito. Nilipopandisha sauti, karani akaniambia kwa upole mkubwa, "Mwalimu, njoo Jumatatu." Upole ule uliniudhi kuliko tusi.

Shangazi naye alikuwa na tiba yake, nayo ilikuwa ni lawama. "Hilo ni tumbo la pombe," alisema, akimmiminia kaka chai. "Mimi nawajua wanaume."

Hapo ndipo kaka alipokuwa akikasirika, yeye ambaye alikuwa mpole wetu. Pombe aliiacha siku aliyopata kipaimara, na hakuirudia. Kwenye harusi alikunywa chai. Ulanzi wetu wa mianzi ukishakuwa mkali, mkangafu kama tunavyouita, hata kikombe chake hakukigusa. Usharika mzima ulilijua hilo, na mchungaji alimtolea mfano mara mbili mimbarani.

Mwisho wa yote tukafika hospitali moja ya misheni ambayo sitaitaja. Daktari wake alikuwa mzungu mzee, Kiswahili chake safi cha kitabuni, kila ngeli mahali pake. Alimpiga kaka picha, akaishikilia picha ile dirishani tuione. Katikati ya tumbo, mbele ya uti wa mgongo, palikuwa na vidoa vyeupe vingi kama chumvi ya mawe iliyomwagika.

"Haya ni mawe," alisema. "Yamo ndani ya kongosho. Mrija wake umeziba, ndiyo maana linauma."

Kongosho! Nilikuwa mwalimu wa sayansi na neno lile nililijua kwenye mchoro tu, kati ya ini na bandama, namba saba. Niliporudi nyumbani nikaenda kwa muuza nyama, nikamwomba anionyeshe kongosho la ng'ombe. Hakulijua kwa jina. Nikamweleza lilipo, akanicheka: "Aa, ile! Ile tunatupia mbwa, mwalimu." Nikamwambia basi ile ndiyo inamuua kaka yangu. Akaacha kucheka, akanifungia kipande cha maini bure, kama vile tumefiwa.

Sasa sikia jambo ambalo lilitutia tumaini. Daktari yule mzee alisema zamani tiba ilikuwa kisu tu: kupasua tumbo na kulishona kongosho kwenye utumbo, na yeye hakuwa na mkono wa kazi hiyo. Lakini kulikuwa na jambo jipya. Rafiki yake mmoja huko Ulaya alikuwa akitumia mpira mrefu wenye taa. Mgonjwa anaumeza, unapita tumboni, unafika kwenye utumbo pale mrija wa kongosho unapotokea, na kwa waya mwembamba anapanua mlango wa mrija ili mawe yatoke. Bila kupasua. Rafiki huyo angekuja Mbeya mwishoni mwa Februari, akae wiki mbili, ajaribu kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa.

Kaka aliuliza swali moja. "Hii mpira, nikishaimeza, wanaitoa?"

"Wanautoa," daktari alisema, na akacheka mpaka akavua miwani.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, mafuta yapungue kabisa. La pili, miezi mitatu asiguse pombe, hata tone. Kongosho likichokozwa na pombe linaweza kuvimba baada ya mpira kupita, na mtu akafa. Palikuwa na fomu. Ndugu wa mgonjwa ajaze, mchungaji agonge muhuri. Nikachukua kalamu yangu mwenyewe. Je, mgonjwa hunywa pombe? Nikaandika: Hapana. Chini yake nikaongeza, bila kuulizwa: Hajanywa tangu kipaimara. Nikapiga mstari, kwa majivuno.

Miezi mitatu ile ilikuwa Desemba, Januari na Februari, na nataka ijulikane kwamba hakuna muuguzi aliyewahi kumlinda mgonjwa kama nilivyomlinda kaka. Mafuta niliyapiga marufuku nyumbani. Karanga nilizificha. Mama aliponyunyiza samli kidogo kwenye maharage nilimwaga chungu kizima, tukanuniana siku mbili. Ilipopita harusi kwa jirani nilikwenda mimi peke yangu, ili asije akatokea mpumbavu wa kumbembeleza kwa kikombe.

Na kwa kuwa alikuwa amekonda na hali chakula kikashuka, nilimpa nguvu kwa njia tuliyoijua. Kila jioni, na tena kila alfajiri kabla ya kengele ya shule, nilivuka bonde hadi mahame. Masika ndiyo wakati wa mianzi. Unakata ncha ya chipukizi, jioni unafunga mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, na maji yake matamu yanadondoka usiku kucha. Asubuhi unayateremsha: ndiyo ulanzi mtogwa. Mtogwa kwetu ni kinywaji cha watoto wanaokwenda shule. Anapewa mzazi, anapewa mgonjwa, mchungaji akija kutembelea anawekewa jagi. Ukiuacha kutwa nzima unakuwa mkangafu, na huo ndio pombe. Nilimletea kaka mtogwa mbeta mbili, mama akammiminia na kukaa mbele yake mpaka amalize.

"Kunywa, baba," alikuwa akimwambia. "Damu irudi."

Na wiki zile kaka aliumwa sana. Tulisema ni ugonjwa unaaga.

Tuliondoka Jumamosi. Lori la chai lilituteremsha Mafinga, tukapata basi la Mbeya, na mama alikuwa ametufungia viazi vya kuchemsha na chupa ya chai iliyojaa mtogwa wa asubuhi ile, ya kumpa nguvu akishatoka kwenye mpira. Basi liliharibika Igawa, mwanzoni mwa bonde la Usangu. Tulikaa pale siku mbili tukisubiri kipuri, kwenye joto ambalo sisi watu wa baridi hatukulizoea. Wanawake wa zile familia zilizohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini walituletea maziwa. Kaka aliyatazama kwa hamu. Nikayakataa. "Yana mafuta," nilimwambia yule mama, na nikamfundisha habari za kongosho hapo hapo barabarani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoka na maziwa yake.

Dereva nilimtukana, utingo nilimtukana, na mwenye basi, ambaye hakuwepo, nilimtukana zaidi. Miezi mitatu ya kujinyima, tuje tushindwe na kipuri! Lakini Jumatatu jioni tulifika Mbeya. Tulikuwa tumewahi. Mpira ulikuwa Jumanne, wiki ya mwisho ya yule mgeni, na kaka alikuwa wa pili kwenye orodha.

Asubuhi ile hakuwa amekula wala kunywa chochote tangu jioni, kama alivyoamriwa. Alikaa kitandani na kanzu ya hospitali, akaniambia mshono wa kola yake umepinda. Muuguzi aliyekuja kumwandaa alikuwa mama wa makamo, Mbena wa Njombe. Akatusalimu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene," na kaka akafurahi kama amefika nyumbani. Mama yule akaanza kusogeza mizigo iliyokuwa chini ya kitanda ili kitanda cha magurudumu kipite. Akaiona chupa ya chai.

"Hii nayo itoke," alisema, na akalegeza kizibo amwage.

Kizibo kiliruka mpaka ukutani. Povu likapanda, likamwagikia mikono yake na sakafu, na harufu ikajaa wodi nzima. Hakuna mtu wa nyanda zetu asiyeijua harufu ile. Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka akasema, "Wenzetu wamekuja na sherehe."

Muuguzi hakucheka. "Mwalimu. Hii nini?"

"Mtogwa," nilisema. "Mtogwa tu, dada. Umekaa njiani."

"Anakunywa?"

"Hanywi pombe. Andika hivyo. Mtogwa ndio anakunywa, kila asubuhi, nampelekea mwenyewe."

Nililisema hilo kwa sauti, wodi nzima isikie, kama mtu anayejitetea vizuri. Muuguzi akaketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono yake inadondosha.

"Kila asubuhi," alisema. "Miezi yote mitatu?"

"Miezi yote."

"Mwalimu, umefunga mbeta jioni, umeteremsha asubuhi. Usiku kucha ulanzi unafanya nini mle ndani? Unakusubiri wewe?"

 Nilikuwa nafundisha somo la hamira darasa la sita. Nilikuwa nimewachorea ubaoni unga unaoumuka.

Alikwenda kuwaambia, ilikuwa lazima. Kwa haki yake niseme alitutetea. Nilimsikia mlangoni akimweleza daktari wetu mzee, aliyekuja Mbeya kumsaidia rafiki yake, kwamba hata mama yake mzazi angejibu hivyo hivyo, kwamba kwetu hakuna mtu anayeuita mtogwa pombe. Daktari mzee akamtafsiria mgeni. Mgeni alikuwa mrefu, mchovu, si mtu mbaya. Alimjia kaka, akamshika bega, akasema kwa lugha yake na mwenzake akatafsiri: hawezi. Kongosho likivimba kesho, yeye ataondoka keshokutwa, na hapa hakuna wa kumwokoa. Aache kunywa kabisa. Huenda mwakani atarudi.

Nilipiga kelele. Nilisema mambo ambayo mwalimu hasemi. Niliuliza kwa nini hawakuuliza ulanzi kwa jina lake, kwa nini fomu iliandikwa na watu wasiojua watu wanakunywa nini, kwa nini mtu aulizwe swali na akijibu kweli aadhibiwe. Nilikuwa na hoja, na hadi leo ninayo. Lakini katikati ya kelele zangu walimwita mgonjwa wa tatu, akapelekwa mahali pa kaka, na mlango ukafungwa. Kaka alikuwa ameshavua kanzu ya hospitali, anaikunja vizuri, mshono kwa mshono.

Tulirudi kwa basi, tukapita Makambako. Kaka akasema, "Mama asijue ni mtogwa."

"Atajua. Atauliza."

"Asijue. Ndiye alikuwa ananimiminia. Akijua, huyo hatalala tena maisha yake."

Nikasema sawa. Nilidhani ni kunyamaza tu.

Baada ya wiki tatu barua ilimfikia mchungaji kutoka misheni. Mgonjwa aliyegongewa muhuri kuwa hanywi amekutwa na pombe wodini. Mchungaji alituita ofisini kwake, mimi na kaka, na mama akaja bila kuitwa. Alikuwa na huzuni, mtu yule, kwa kuwa kaka ndiye alikuwa mfano wake. Aliuliza taratibu, "Fomu ilijazwa na mwalimu. Mwalimu alisema uongo?"

Palikuwa na nafasi hapo. Ningesema neno moja tu, mtogwa, na mchungaji aliyekunywa jagi zima nyumbani kwetu wakati wa Krismasi angeelewa, na pengine angecheka, na mambo yangekwisha. Niliangalia meza. Nilikuwa nikijiambia namlinda mama.

"Mwalimu hakujua," kaka akasema. "Mimi nilikuwa nakunywa mkangafu kwa siri. Nilimdanganya."

Mama akajifunika uso kwa khanga.

Walimtenga na meza ya Bwana miezi sita. Alikaa benchi la nyuma, na siku ya kurudishwa alisimama mbele ya usharika mzima akatubu ulevi ambao hakuwahi kuulewa. Nilimfuata nje nikamwambia siwezi tena, naenda kwa mchungaji sasa hivi. Alinikasirikia kuliko siku zote. "Utampa mama nini badala yake?" alisema. "Mwana mlevi anaombewa. Hiyo nyingine inaombewaje?" Kwa kweli jibu sikulitafuta sana. Ilinifaa hivyo. Nilirudi darasani Jumatatu nikiwa mwalimu yule yule.

Hakugusa mtogwa tena. Maumivu yalipungua, hayakuisha. Mgeni wa Ulaya hakurudi mwaka uliofuata, wala ule mwingine. Tuliambiwa mara mafuta ya gari hakuna, mara kibali hakijatoka. Kisukari kikaingia, maana kongosho lilikuwa limechoka, na kaka akafariki kabla hajafika arobaini. Mahame nilikwenda na panga siku moja kuikata mianzi, nikakata mitatu, nikaona ujinga, nikarudi nyumbani.

Mama aliishi miaka kumi na moja zaidi. Kila Jumapili alimwombea marehemu asamehewe pombe yake, kwa sauti, nami nimekaa kando yake nikiitikia amina. Siku alizokuwa anaugulia, mwishoni kabisa, aliniita karibu, akanishika mkono, akanishukuru kwa yote niliyomfanyia kaka yangu, pamoja na ulevi wake ule.